Kahawa ya Unguja: Namna tatu za kuiagiza

Kisiwani Unguja kahawa huuzwa kwa namna tatu. Ipo kahawa chungu, inayochemshwa kwa mkaa na kunywewa barazani kwa kikombe kidogo. Ipo kahawa ya kopo, inayokorogwa kwa maji ya moto au maziwa katika hoteli za kawaida za chakula. Na ipo kahawa ya mashine, inayouzwa katika mikahawa ya Mji Mkongwe na hoteli za ufukweni. Kila moja ina vyombo vyake, saa zake na wanywaji wake. Anayeagiza "kahawa" bila kuongeza neno huletewa ile inayotengenezwa pale alipo, hata kama moyoni alikuwa na nyingine.

Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000 mwaka 2023. Wengi wao hutoka nchi ambako kahawa ni kazi ya mashine. Wageni wanaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, kwa upande wao, wengi wamekulia kwenye chai. Wote hupata wanachokitaka kwa urahisi zaidi wakijua kwanza mahali gani hutoa kahawa gani, na kwa nini.

Buni hutoka bara

Kahawa inanywewa Unguja tangu zamani, lakini hailimwi huko kwa biashara kubwa. Arabika hustawi nyanda za juu, kwa kawaida kuanzia mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kilima kirefu kuliko vyote kisiwani hakifiki mita 150. Mashamba ya Unguja na Pemba tangu karne ya 19 yalikuwa ya mikarafuu na minazi. Buni huvushwa kutoka bara: robusta ya Kagera, na arabika ya Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Ruvuma.

Desturi ya kuinywa ilifika kwa njia nyingine. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa ili wakeshe katika dhikiri, na bandari ya Mocha ikawa lango la kuisafirisha. Majahazi ya pepo za kaskazi yaliunganisha bandari za Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki, na utawala wa Oman uliimarisha uhusiano huo, hasa mtawala wake Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja. Washihiri, yaani watu wa Hadhramaut walioselelea pwani, walijulikana miji yote ya mwambao kwa kazi ya kuuza kahawa mitaani.

Mmea wenyewe una historia ya pande mbili. Robusta ilikuwapo Buhaya kabla ya Wazungu kufika. Wahaya walizichemsha buni pamoja na majani ya viungo, wakazikausha na kuzitafuna, na hadi leo mgeni wa heshima hukaribishwa kwa buni za kutafuna. Arabika ilizunguka baharini. Wafaransa waliichukua Yemen na kuipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, mwaka 1715. Mapadri waliotoka kisiwa hicho walifika Zanzibar mwaka 1860, na mwaka 1868 shirika la wamisionari lililorithi kazi yao likaanzisha misheni Bagamoyo, ambako kahawa ilipandwa. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa shirika hilohilo waliipanda Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro.

Tofauti ya aina hizi mbili huonekana kikombeni. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, nayo ni chungu na nzito zaidi. Arabika ina harufu pana na uchachu mwepesi. Robusta huvumilia kuchemshwa kwa muda mrefu bila kupoteza nguvu, ndiyo maana inafaa barazani na kiwandani. Mikahawa ya mashine hupenda arabika, au mchanganyiko ambao arabika ndiyo nyingi.

Kahawa chungu ya barazani

Chombo kikuu cha muuza kahawa ni dele, birika la shaba lenye tumbo pana chini, shingo nyembamba na mdomo mrefu. Chini yake hufungwa jiko dogo la makaa, ili kahawa ibaki na moto hata muuzaji akitembea. Mkono wa pili hubeba ndoo ya maji na vikombe vya kaure visivyo na mkono. Anayezunguka mitaani huvigonganisha vikombe viwili kwa vidole, na mlio huo ndio tangazo lake. Wengine hawatembei: hukaa kwenye kona ileile kila siku, dele likiwa juu ya seredani.

Buni hukaangwa hadi ziwe nyeusi, hutwangwa au kusagwa, kisha unga wake huchemshwa kwenye maji na kuachwa utulie. Sukari haitiwi. Tangawizi iliyopondwa ndiyo kiungo cha kawaida, na baadhi ya wauzaji huongeza hiliki au mdalasini. Kikombe kimoja hakizidi mafunda matatu au manne. Udogo huo una sababu: kahawa hii ni kali, tena ni ya kunywewa ikiwa ya moto huku mazungumzo yakiendelea, kikombe baada ya kikombe.

Utamu hutoka kwenye kitafunio. Kashata ya karanga au ya nazi huuzwa palepale, vipande vikiwa kwenye sinia. Wengine hutafuna tende, na kwenye shughuli kubwa huja halua. Mtu huuma kashata kwanza, kisha hupiga funda la kahawa juu yake, ili uchungu na utamu vikutane mdomoni. Anayeomba sukari atachekewa kwa upole na kuoneshwa sinia.

Kitovu cha kahawa hii katika Mji Mkongwe ni kiwanja kidogo kinachoitwa Jaws Corner, njia kadhaa za mitaa zinapokutana. Jina lilitokana na filamu ya papa ya mwaka 1975, na picha ya papa imechorwa ukutani. Wazee na vijana hukaa kwenye mabaraza ya mawe yaliyojengwa kuzunguka kuta za nyumba, wakicheza bao, karata au dhumna, wakisoma magazeti na kubishana. Pamekuwa kwa miaka mingi maskani ya wapinzani, kama Kisonge, Michenzani, ilivyo maskani ya chama tawala. Mgeni hakatazwi kukaa na kusikiliza, ila katika ubishi wa siasa ni busara kuwaachia wenyewe maneno.

Adabu ya kuagiza

Barazani salamu hutangulia oda. Anayefika husema "Assalaamu alaykum" kwa wote waliokaa, na kwa mtu mzima huongeza "Shikamoo". Baada ya kuitikiwa "Marahaba" ndipo huomba: "Nitilie kimoja, mzee." Kitenzi ni kutia, kwani kahawa imekwisha kuwa tayari na kinachobaki ni kuimimina. Anayetaka ya tangawizi huuliza kama ipo, kwa kuwa si kila muuzaji huitia. Muuzaji kijana huitwa kaka. Mzee haitwi kwa jina lake na mtu asiyemjua.

Kikombe hushikwa ukingoni kwa ncha za vidole, kwani hakina mkono na huwa cha moto. Funda la mwisho huachwa, maana mashapo hujikusanya chini. Muuzaji akiona kikombe kitupu huweza kujaza tena bila kuuliza, hivyo aliyetosheka hukirudisha na kusema "Basi, ahsante." Huko Oman na nchi za Ghuba ishara ya kutosheka ni kuutikisa mkono wenye finjani, na desturi hizo za kahawa ya Kiarabu ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2015. Waunguja wenye jamaa Muscat wanaijua ishara hiyo, lakini kwa muuzaji wa mtaani neno moja linatosha.

Malipo huja mwisho. Muuzaji huhesabu vikombe kichwani, na gharama yake hulipika kwa sarafu, hivyo noti kubwa humtia taabu ya chenji. Si ajabu mgeni akakuta ameshalipiwa na mtu aliyeketi naye. Inatosha kushukuru, kisha siku nyingine kuwalipia wengine. Kubishana kwa nguvu ili kurudisha fedha hiyo huonekana ni kuikataa heshima.

Vikombe husuuzwa kwenye ndoo, na hilo huwapa wageni wasiwasi. Kahawa yenyewe imechemka, kwa hiyo shaka iko kwenye kikombe. Mtu anaweza kumwomba muuzaji akisuuze kwa kahawa ya moto kutoka kwenye dele, au akaja na kikombe chake mwenyewe.

Mabaraza ya kahawa ni ya wanaume kwa sehemu kubwa, nao wanawake wa kisiwani hunywa majumbani. Mgeni mwanamke huuziwa bila tatizo, na mavazi yanayofunika mabega na magoti humwondolea macho ya watu. Hilo la mavazi linawahusu pia wanaume wanaotoka ufukweni bila shati. Picha haipigwi kabla ya ruhusa kuombwa, na ruhusa huombwa baada ya kikombe cha kwanza kunywewa.

Nyakati nzuri ni mbili. Asubuhi na mapema, watu wanapotoka kwenye sala ya alfajiri, na jioni kuanzia alasiri hadi baada ya isha. Mchana wa jua kali wauzaji wengi hupumzika. Pemba, ambako watalii ni wachache, barazani ndipo mahali pa uhakika pa kupata kahawa katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani. Mombasa na Lamu zina desturi hiyohiyo, na huko huitwa kahawa tungu.

Kahawa ya kopo hotelini

Katika hoteli za chakula za mjini na nyumba za wageni za bei nafuu, kinywaji cha asubuhi ni chai. Kahawa inapoagizwa, kwa kawaida huja chupa ya maji ya moto, kikombe, sukari na kopo au pakiti ya kahawa ya unga unaoyeyuka. Unga unaojulikana zaidi ni Africafé, unaotengenezwa na kiwanda cha TANICA mjini Bukoba kwa buni za Kagera. Ni kahawa ya nchini, na hutengenezwa na mnywaji mwenyewe. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja huleta ladha ya wastani, na robusta iliyomo humpa nguvu yake aliyeizoea.

Hapa maneno mawili hubadilisha kinywaji chote. "Kahawa ya maziwa" huwa ni unga huo uliokorogwa kwenye maziwa ya moto matupu, mara nyingi ukiwa na sukari tayari. "Kahawa nyeusi" au "kahawa kavu" huwa ya maji tu. Asiyetumia sukari aseme mapema "usitie sukari", kwa sababu kinywaji kilichotengenezewa jikoni hakitenguliki mezani. Anayetaka maziwa kidogo tu huomba yaletwe pembeni.

Anayetafuta kahawa iliyochemshwa au ya mashine aulize kabla ya kukaa: "Kahawa yenu ni ya kopo au ya kuchemsha?" Swali hilo halimuudhi mtu. Kama jibu ni kopo na mgeni haitaki, chai ya viungo ya Unguja, yenye tangawizi, hiliki na mdalasini, hupatikana karibu kila hoteli na huwa imepikwa kwa ustadi.

Kahawa ya mashine

Mikahawa yenye mashine imejaa Mji Mkongwe, na kwenye fukwe za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Kiwengwa, ambako hoteli za Waitaliano ni nyingi, kahawa hutolewa kwa kawaida ya kwao: ukisema kahawa tu, huletwa espreso, na kapuchino ni kinywaji cha asubuhi.

Vinywaji vyote vya mashine hujengwa juu ya espreso. Mashine husukuma maji ya moto kwa mgandamizo wa takriban bari tisa kupitia kahawa iliyosagwa laini, na kwa nusu dakika hivi hutoka mililita 25 hadi 30 zenye povu la rangi ya hudhurungi. Ikiongezwa maji ya moto huwa amerikano, kinywaji kilicho karibu zaidi na kikombe kikubwa cha kahawa nyeusi. Makiato ni espreso yenye doa la povu la maziwa. Kapuchino huwa na maziwa ya moto na povu nene, na late huwa na maziwa mengi zaidi na povu jembamba. Moka ni late iliyotiwa chokoleti.

Mnywaji anayependa ukali wa barazani ataona espreso ni ndugu wa karibu, ingawa kikombe kimoja hapa hugharimu mara nyingi zaidi ya kile cha mkaa. Mkahawa hulipia mashine, umeme, kodi ya jengo na buni za daraja la juu, na mgeni hulipia pia kiti, kivuli na intaneti. Kahawa inayopatikana mara nyingi ni ya Kilimanjaro au Mbeya, na mhudumu anayeijua kazi yake huweza kusema imetoka wapi.

Mikahawa kadhaa huuza "kahawa ya viungo", yaani espreso au kahawa ya kuchuja iliyotiwa hiliki, mdalasini, karafuu au pilipili manga. Viungo ni vya mashamba ya kisiwani, kama yale ya Kizimbani na Kidichi. Ni kinywaji kizuri, lakini anayetaka kujua Waunguja wenyewe hunywaje asikichukue kuwa badala ya kahawa ya barazani, ambayo viungo vyake ni vichache na haina maziwa.

Maji, maziwa, barafu na umeme

Ukisiwa huonekana kwenye mambo manne ambayo mnywaji hufaidika kuyajua. La kwanza ni maji. Vijiji vingi vya pwani ya mashariki hutegemea visima vyenye chumvichumvi, na maji hayo huharibu ladha ya kahawa na kuziba mashine. Mikahawa makini hutumia maji ya chupa au yaliyosafishwa.

La pili ni maziwa. Maziwa mabichi ya ng'ombe yapo ila hayatoshi mahitaji ya hoteli, kwa hiyo maziwa ya boksi yanayokaa muda mrefu na ya unga hutumika sana. Ya boksi yana utamu kidogo wa kuchemshwa, na ladha hiyo hupita hadi kwenye late. Tui la nazi, kwa upande wake, ni la kisiwani hasa, na mikahawa ya ufukweni hulitoa kwa wasiotumia maziwa ya mnyama.

La tatu ni barafu. Kahawa baridi hupendwa katika joto la Januari na Februari, na swali la kuuliza ni kama barafu imetengenezwa kwa maji yaliyosafishwa.

La nne ni umeme. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 hitilafu ilikizamisha kisiwa gizani kwa karibu mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 umeme ulikatika kwa takriban miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013, na hali ikawa nafuu sana. Hata hivyo kukatika kwa saa chache hutokea, na mkahawa usio na jenereta husimamisha espreso papo hapo. Muuza kahawa wa mkaa hana habari na hayo. Hivyo siku umeme ukikatika, pa kwenda ni barazani.

Ramadhani, harusi na msiba

Mwezi wa Ramadhani hupindua ratiba yote. Mchana kahawa haiuzwi hadharani, na kula au kunywa barabarani kunaweza kumtia mtu matatani na mamlaka. Hoteli za kitalii huendelea kuwahudumia wageni wao ndani, na baadhi ya mikahawa hufunga hadi magharibi. Usiku ndio msimu wa kahawa wenyewe: baada ya futari na tarawehe mabaraza hujaa, na wauzaji hukesha hadi karibu na daku.

Kwenye nikaha, maulidi na hitima kahawa haiagizwi. Hupitishwa kwa wote pamoja na halua, na kijana anayegawa huanzia kwa wazee. Mgeni aliyealikwa hupokea kwa mkono wa kulia na hanyooshi mkono kutaka kabla hajafikiwa. Kukataa kikombe cha kwanza si vizuri, ila asiyetumia kahawa anaweza kukigusa mdomoni na kukirudisha. Hakuna malipo, na kutoa fedha hapo ni kosa la adabu.

Kununua ya kwenda nayo

Anayetaka kurudi na kahawa nyumbani ana njia mbili. Soko la Darajani na maduka ya jirani huuza unga uliosagwa kwa ajili ya kuchemsha, wenye tangawizi au bila. Mikahawa ya mashine huuza buni nzima zilizokaangwa, na pakiti nzuri huandikwa mkoa zilikolimwa na tarehe ya kukaangwa. Buni nzima hudumu zaidi kuliko unga, hasa katika unyevu wa pwani, na hufaa kutunzwa kwenye chombo kinachofunga vizuri.

Kabla ya kulipa ni vizuri kumwambia muuzaji itapikwaje. Unga wa dele ukiwekwa kwenye mashine hupitisha maji haraka mno au huziba kulingana na ulivyosagwa, na unga wa kuchuja ukichemshwa hutoa kahawa nyepesi. Kwa kupika kama barazani, vijiko vinne vya unga kwa lita moja ya maji na kipande cha tangawizi kilichopondwa ni mwanzo mzuri. Huchemshwa, huepuliwa hadi mashapo yashuke, kisha humiminwa bila sukari, na kashata ikiwa karibu.